Vigango, Kaya na Matanga: Utamaduni Huu ni wa Nani?

Mazungumzo kuhusu turathi za Wamijikenda, yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wananchi wa Kaunti ya Kilifi



Mazungumzo ya leo yanaanza na picha. Mwaka 1985 mtafiti mmoja kutoka Marekani, Monica Udvardy, alikuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wagiriama. Katika boma la Mzee Kalume Mwakiru alimpiga picha mzee huyo akiwa amesimama kando ya vigango viwili vilivyosimamishwa kwa ajili ya ndugu zake waliokuwa wamefariki. Ilikuwa picha ya kawaida, ya aina ambayo mgeni huipiga na kuahidi kwamba atarudi na nakala. Mgeni huyu alirudi kweli na nakala yake mkononi, akamkuta mzee katika huzuni kubwa. Vigango vyote viwili vilikuwa vimeng'olewa usiku na kuibwa. Mzee aliomba jambo moja tu, kwamba asaidiwe kuvitafuta.

Mzee Mwakiru alifariki mwaka 1987 bila kuviona tena.

Kwa vijana ambao hawajawahi kukiona, kigango ni nguzo ya mti mgumu usioliwa na mchwa kwa urahisi. Huchongwa kwa michoro ya pembetatu, hupewa kichwa cha mviringo na hufungwa vitambaa. Si kila marehemu husimamishiwa kigango. Marehemu wa kawaida hukumbukwa kwa koma, kijiti kidogo tu kisicho na madoido. Kigango ni cha mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali, na gharama yake si ndogo, kwa maana kuna fundi wa kulipwa, mnyama wa kuchinjwa, mnazi wa kunywewa na watu wa kulishwa. Mara nyingi familia husema marehemu mwenyewe ndiye aliyekidai, akimtokea mtu ndotoni au akileta ugonjwa nyumbani mpaka asikilizwe. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Boma likihamia shamba jingine, kigango hubaki palepale, nacho huachwa kizeeke na kuoza kwa wakati wake.

Desturi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowapa wezi mwanya. Mtu wa nje alipokuta nguzo zimesimama porini bila nyumba karibu, alisema zimetupwa, hazina mwenyewe. Wafanyabiashara wa vinyago walizinunua Mombasa na kwingineko, wakazipeleka ng'ambo, na huko zikaitwa sanaa. Zilipamba sebule za matajiri, wakiwemo watu wa filamu wa Hollywood, na baadhi ya matajiri hao baadaye wakazitoa kama zawadi kwa majumba ya makumbusho.

Lakini ukweli usemwe wote, hata ule unaouma. Mnunuzi wa mjini hakujua njia ya kufika bomani usiku. Aliyejua ni kijana wa hapa, wakati mwingine mjukuu wa mwenye boma, ambaye alilipwa pesa kidogo kwa kitu ambacho kingeuzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola. Wapo waliofanya hivyo kwa njaa. Wapo waliofanya hivyo kwa sababu walikuwa wamefundishwa kwamba nguzo hizo ni za shetani, na kitu cha shetani hakina hasara kikiondoka. Mazungumzo kuhusu turathi hayawezi kuishia kwa kuwalaumu Wamarekani pekee.

Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi wa masuala ya Afrika, mtafiti mwingine, Linda Giles, alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Illinois State. Udvardy alikuwa amekaa ukumbini, akakitambua kimoja kuwa cha boma la Mzee Mwakiru. Cha pili kilipatikana katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Hampton, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, jambo ambalo kila mtu anaweza kulitafakari kwa wakati wake. Barua ziliandikwa, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yakaingilia kati, na kigango cha kwanza kilirudi bomani Juni 2007. Watu walicheza ngoma na wazee wakamwaga tambiko. Kisha kigango kikazungushiwa vyuma ili kisiibwe tena. Nguzo iliyosimama wazi kwa jua na mvua ilirudi nyumbani kuishi ndani ya kizimba, na waliokifunga ni wenyewe kwa sababu walijua mwizi ni wa karibu.

Tangu hapo vingine vimerudi. Jumba la Denver Museum of Nature & Science liliamua kurudisha vigango 30, navyo vikawasili nchini mwaka 2019. Mwaka 2023 Illinois State Museum ilirudisha vingine 37. Hizi ni habari njema, ila zina tatizo ambalo halijibiwi na sherehe za uwanja wa ndege. Vigango vya Mzee Mwakiru vilirudi kwa mwenyewe kwa sababu moja tu, ile picha. Hivi vingine vingi vimerudi Kenya bila kujulikana ni vya boma gani.

Na hapa ndipo watu hutofautiana. Wapo wanaosema viwekwe katika makavazi ili watoto wavione na vilindwe. Wapo wazee wanaosema kigango katika chumba cha makavazi ni maiti katika hoteli, kwamba kama familia haijulikani basi virudishwe penye ardhi ya Wagiriama, wazee wa gohu wafanye yanayopasa, kisha viachwe vioze kama vilivyokusudiwa. Mtaalamu wa makavazi akisikia neno kuoza anashtuka, kwa sababu kazi yake yote ni kuzuia vitu visioze. Mzee naye anashtuka akisikia vimenyunyiziwa dawa ya wadudu. Na yuko mhubiri, naye ni mkaazi wa kaunti hii kama wengine, anayesema visirudi kabisa. Wote watatu hulipa kodi ileile na kuketi katika baraza lilelile. Anayedhani suala hili lina jibu jepesi hajaketi nao.

Kaya nazo zina mvutano wake. Misitu hii ni mabaki ya vijiji vilivyozungushiwa ngome ambamo Wamijikenda waliishi, kila jamii na kaya zake, Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Waduruma na Wadigo. Watu walitoka taratibu kwenda kulima nje, na kufikia miaka ya 1940 hakukuwa na makao tena ndani. Kilichobaki ni miti, makaburi, njia za siri na masharti. Hukati mti, huingii na viatu, unavaa kaniki, huongei ovyo. Mwaka 2008 misitu kadhaa kati ya hii iliandikishwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia, na mingi kati yake iko Kilifi. Mwaka uliofuata, 2009, shirika hilohilo liliandikisha mila za kaya katika orodha nyingine, ile ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa lugha nyepesi, dunia ilisema msitu umepona kiasi ila wanaoujua wanaisha.

Wanasayansi wanaoipenda misitu hii huhesabu mimea adimu iliyomo, na hesabu yao ni ya kweli. Lakini msitu haukupona kwa sababu mtu alijua jina la Kilatini la mti. Ulipona kwa sababu watu waliogopa. Hofu hiyo ikipungua, msumeno unaingia. Katika eneo hili mashamba ni madogo, makaa yana soko, mawe ya ujenzi yana soko, na kijana anayeambiwa asiguse ekari kadhaa za miti mikubwa kwa sababu ya babu ambaye hakumjua anauliza swali la haki anapouliza atakula nini. Kule Kwale, Kaya Kinondo imejaribu jibu lake kwa kuwaruhusu watalii waingie katika sehemu ya msitu wakiongozwa na wenyeji na kwa masharti ya kaya, na mapato yakabaki kwa jamii. Limewasaidia. Si lazima liifae kila kaya, maana ziko sehemu ambazo wazee hawataki mgeni aone kitu, na haki ya kukataa ni sehemu ya utamaduni pia.

Rabai ni mfano ambao ungefaa kutajwa mara nyingi zaidi. Pale mmisionari Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walifungua misheni mwaka 1846, na pale pale ziko kaya za Warabai zilizo katika orodha ya Turathi ya Dunia. Kanisa na kaya zimekuwa majirani kwa zaidi ya miaka 170. Mabishano yamekuwepo, na mzee wa kanisa ambaye ndugu yake ni mzee wa kaya si kitu cha ajabu. Majirani hawa hawajamalizana.

Sasa, ngoma. Kila mwezi wa Agosti jina la Mekatilili wa Menza husikika Malindi na Magarini, watu wakikusanyika kumkumbuka kwa nyimbo, mavazi ya hando na maandamano. Hadithi yake inajulikana. Mwaka 1913 Waingereza walipotaka kodi na vijana wa kufanya kazi, mama huyu mjane alizunguka vijijini akiwakusanya watu, na kule Kaya Fungo viapo vikaapwa, wanaume kiapo chao na wanawake chao. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali hadi Kisii, wakatoroka na kurudi Pwani, mamia ya kilomita. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti.

Jambo moja huachwa linaposimuliwa jukwaani. Ngoma aliyoitumia kukusanya watu ilikuwa kifudu, nayo ni ngoma ya mazishi. Mekatilili aliichukua ngoma ya kuombolezea wafu akaiingiza katika siasa, na bila shaka wapo waliosema anaivunjia heshima. Kwa hiyo anaposimama mtu leo na kusema ngoma ya asili isibadilishwe hata hatua moja, yafaa akumbushwe kwamba shujaa anayemsifu ndiye aliyeibadilisha. Na anaposimama mwanasiasa kumtumia Mekatilili kuombea kura, akumbushwe vilevile kwamba mama huyo hakuwa mpole kwa viongozi wa jamii yake waliokula na serikali.

Tukitoka kwenye kifudu tunafika moja kwa moja kwenye disco matanga, na labda wengi wenu mlikuwa mkilisubiri hili. Mtu akifariki, watu hukesha. Hiyo ni mila, hakuna anayebisha. Mkesha huwaliwaza wafiwa na huchanga pesa za maziko. Zamani palikuwa na ngoma na nyimbo, na tusidanganyane, nyimbo nyingine za matanga zilikuwa na maneno ambayo hayawezi kuchapishwa katika jarida la serikali. Siku hizi kuna jenereta, spika kubwa na dijei, na watoto wa shule hucheza hadi alfajiri. Utawala umepiga marufuku mikesha hiyo mara kadhaa kwa sababu ya mimba za wasichana wa shule na vurugu za usiku. Wanaoitetea husema wananyang'anywa mila na njia ya kuchangisha.

Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa maana familia maskini hulipia jeneza kwa mchango wa usiku ule. Ila tofauti kati ya ngoma ya zamani na disco haiko kwenye spika. Katika ngoma ya zamani kila aliyekuwepo alijulikana ni mtoto wa nani. Shangazi alikuwa uwanjani, na wazee hawakulala. Aliyemvuta msichana gizani alijua kesho yake ataulizwa na ukoo mzima. Katika disco mwenye mziki ametoka mji mwingine, wanaume wengine wamefuata sauti tu, na wafiwa wenyewe wamechoka, wamelala ndani. Familia inayotaka kukesha ina njia. Izungumze na chifu mapema, ikusanye mchango mchana, wakati watu wanaonana nyuso, na watoto wawe nyumbani giza likiingia. Ngoma hazijapigwa marufuku na hakuna sheria inayozuia kuimba.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Katika kaunti hii wazee wameuawa na wengine wamefukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi. Mzee mwenye mvi anaogopa mvi zake, na wapo wanaozipaka rangi nyeusi ili waishi. Ukichunguza kesi hizi mara nyingi utakuta shamba, urithi usiogawanywa, mtoto wa kiume mwenye haraka na hati ya ardhi. Hadithi za uchawi ni za kale na kila jamii inazo, lakini katika mauaji haya hadithi imegeuzwa kuwa panga. Mtu akisema hiyo ni imani yetu, aulizwe ni mila gani ya Kimijikenda iliyompa mtoto ruhusa ya kumkata babake. Kaya zilikuwa na mabaraza. Tuhuma ilisikilizwa na wazee, haikuamuliwa na vijana watano waliolipwa.

Kule Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliotishiwa wamepata kimbilio. Serikali haifurahii kwamba mahali kama hapo panahitajika, lakini kuwepo kwake kumeokoa maisha. Sheria ya Uchawi, ambayo ni ya tangu mwaka 1925, inamfanya mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi huku na huko. Mwenye lalamiko apeleke kwa polisi au kwa afisa wa utawala. Na mzee anayeona dalili za kutishwa, mathalani barua isiyo na jina au maneno ya ajabu kwenye mazishi, asisubiri. Amwambie chifu siku hiyohiyo, naye chifu asimwambie arudi wiki ijayo.

Tazameni jinsi mambo haya yanavyoshikana. Anayejua kigango cha boma lipi kiliibwa mwaka gani ni mzee. Anayejua maneno ya kifudu ya zamani ni bibi. Anayejua mpaka wa kaya kabla ya ramani kuchorwa ni mzee. Hao ndio wanaokimbizwa. Kaunti inaweza kujenga ukumbi wa utamaduni mzuri kiasi gani, lakini mzee aliyekimbilia mji wa mbali hatakuja kuimba ndani yake.

Sheria kuhusu utamaduni zipo, nazo ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya 2010, Ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inataka jamii zilipwe pale utamaduni wao unapotumiwa. Ibara ya 44 inampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wake, na papo hapo inakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata mila yoyote. Anayekataa kuvaa kaniki kwa sababu ya dini yake yuko ndani ya Katiba, na anayevaa yumo pia. Shughuli za kitamaduni ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne. Na tangu mwaka 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ambayo imezipa kaunti jukumu la kuweka sajili. Kikundi cha ngoma kinachoona wimbo wake kwenye tangazo la biashara bila kuombwa kina mahali pa kuanzia. Waliokwisha kujiandikisha wana nafasi bora ya kudai kuliko wenye kulalamika tu, kwa hiyo viongozi wa vikundi waulize katika ofisi ya msimamizi wa wadi namna ya kuanza.

Kuhusu vigango vilivyo bado bomani, hili halihitaji bajeti wala kusubiri mtu. Mwenye boma anayeridhia, na wazee wa gohu wakiridhia, avipige picha. Vipigwe mbele, nyuma na ubavuni, michoro ionekane, na kitu cha kupimia urefu kiwekwe kando. Nyuma ya picha iliyochapishwa yaandikwe jina la marehemu aliyesimamishiwa, jina la boma, kijiji na mwaka. Picha isirushwe mitandaoni ikionyesha njia ya kufika. Nakala moja ikae kwa mtoto aliye mbali na nyumbani, nyingine ibaki bomani, sandukuni pamoja na hati ya shamba. Simu pekee haitoshi, kwa maana simu huibwa haraka kuliko kigango.